Oti Zangu Hazikuanguka, Zilipumzika

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimeonewa. Tena mchana kweupe, mbele ya mama yangu mzazi, mke wangu na kuku wote wa uani.

Mama alituita asubuhi, mimi na mdogo wangu wa kike. Akatukalisha kwenye benchi moja kama watoto wa shule, akatoa barua ya kiwanda cha uji. Kiwanda kinasema kuanzia msimu ujao hakitanunua tena oti, nafaka yetu ya uji, kutoka mashamba ya vipande vipande. Shamba moja, mkulima mmoja, saini moja, basi. Na shamba letu ni moja, lile aliloliacha marehemu Baba. Njia ya katikati tu ndiyo imeligawa: upande wa kisimani nalima mimi, upande wa barabarani analima mdogo wangu.

Mama kaamua. Mwenye oti zitakazofaulu kipimo cha kiwanda mwezi wa sita ndiye atakayeshika shamba zima. Tukifaulu wote, mwenye punje nzito zaidi. Atakayeshindwa atafanya kazi chini ya mwenzake.

Chini ya mdogo wangu! Mimi niliyembeba mgongoni! Mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! (Nilimfundisha vibaya, lakini nilimfundisha.)

Baba alinishikisha jembe mimi kwanza. Nilikuwa na miaka saba. Shamba lile nalijua jiwe kwa jiwe. Siwezi kupewa amri humo ndani. Siwezi na sitaki.

Halafu akaja Bibi Shamba, yule mtaalamu wa kilimo mwenye pikipiki. Akachimba udongo pande zote mbili, akaufikicha, akaunusa, akaandika kwenye daftari. Kisha akatoa hukumu: mdogo wangu atachukua mifuko minne ya mbolea ya yurea kwenye stoo ya chama cha wakulima. Mimi miwili.

Minne! Miwili!

Nikauliza kosa langu ni lipi. Akasema si kosa, ni maharage. Eti msimu uliopita upande wangu ulikuwa na maharage, na maharage huacha naitrojeni ardhini, kwa hiyo oti zangu zimekuta meza imeshaandaliwa. Upande wa mdogo wangu ulikuwa na mahindi, na mahindi yamekomba kila kitu. Akaongeza kwamba oti ukizilisha kupita kiasi zinarefuka ovyo, zinalala chini, na punje zinatoka nyepesi.

Maharage! Maharage tuliyala! Mimi mwenyewe niliyala mpaka nikayachukia. Yameachaje kitu ardhini?

Mdogo wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa adabu, anaandika kila neno. Nikajua hapa kuna njama.


Ijumaa, 4 Aprili

Sikubali. Nimeamka na jibu.

Saa nne asubuhi nikaenda stoo. Mtunza stoo ni mzee mmoja mpole, miwani yake kaifunga na uzi wa nailoni, na anaandika polepole mpaka unatamani kumsukuma mkono. Nikamwambia nimekuja kuchukua miwili yangu, na pia miwili kati ya ile minne ya mdogo wangu, maana kanituma. Akauliza kwa nini hakuja mwenyewe. Nikasema mgongo unamsumbua. Akasema pole. Ile pole yake ikanipa moto. Nikaongeza homa. Akasema pole sana. Nikaongeza jino.

Hapo nilizidisha kidogo, nakiri.

Akanipa mifuko minne. Nikasaini. Saini yangu haisomeki hata na mimi, kwa hiyo hakuna ushahidi.

Mwizi? Hapana. Nimesawazisha. Mtu mzima hawezi kukaa anaangalia haki inapinda halafu afumbe macho. Mimi ndiye kaka mkubwa. Kama kuna wa kupewa minne, ni mimi.

Mke wangu kaona mifuko minne kwenye mkokoteni, akauliza kulikoni. Nikamwambia Bibi Shamba kabadilisha mawazo. Akaniangalia kwa lile jicho lake la upande. Akasema haya, Baba Pacha. Hiyo "haya" yake siipendi hata kidogo.


Jumamosi, 5 Aprili

Nimemwaga! Mifuko mitatu na nusu, mara moja, siku moja. Nusu nimeiweka akiba.

Bibi Shamba alisema kwamba hata hiyo miwili niigawe: nusu sasa, oti zikiwa zinachipua machipukizi ya pembeni, na nusu wiki mbili tatu mbele, mashina yakianza kunyanyuka. Kwa nini? Mtu akiwa na njaa unampa nusu sahani, umwambie subiri wiki tatu? Mimi si mkatili.

Jioni mvua ikanyesha kidogo, ya taratibu, ikaiyeyusha yote. Hata mbingu zinajua nani ana haki.

Jambo moja dogo. Mchana majirani watatu walipita kwenda kwa mdogo wangu na vikapu, kumpa pole ya mgongo, homa na jino. Mke wa mtunza stoo aliongoza msafara. Nilijibanza nyuma ya pipa la maji mpaka walipoondoka. Halafu mdogo wangu akatoka, mzima kama chuma, akasimama kwenye njia ya katikati, akaangalia upande wangu kwa muda mrefu.

Baadaye alikwenda stoo akarudi na mifuko miwili. Nikasubiri kelele. Hakuna. Nikasubiri mpaka magharibi. Kimya!

Nimegundua jambo leo. Mdogo wangu hajui kuhesabu.


Jumanne, 22 Aprili

Njooni muone! Njooni wenyewe!

Oti zangu ni kijani mpaka zinakaribia weusi. Zimenifika mapajani. Majani mapana, yanameremeta, yamebanana mpaka paka hapiti. Watu wanasimama barabarani wanaulizana shamba lile ni la nani. Ninajifanya nafunga kamba ya kiatu hapo hapo ili waniulize mimi.

Upande wa mdogo wangu? Maskini. Oti zake fupi, rangi imepauka. Wiki iliyopita Bibi Shamba alimletea kadi yenye rangi za kijani, kutoka hafifu mpaka iliyokolea, na sasa anatembea nayo kutwa, anainama, analinganisha na jani, anaandika. Jani moja moja! Mimi jani langu halihitaji kadi. Linajieleza.

Juzi Bibi Shamba kapita tena na pikipiki, nyuma kabeba mifuko miwili imefunikwa turubai. Chakula cha kuku, nadhani. Leo namwona mdogo wangu anatembea kwenye mistari na ndoo, anarusha vipunje vyeupe kwa mkono, kidogo kidogo. Nikafikiri ni chumvi. Mtu akishakata tamaa hufanya chochote. Roho iliniuma kidogo, ni damu yangu yule. Nikaamua kwamba shamba likiwa langu nitampa kazi nzuri. Atakuwa msimamizi wa ndoo.


Jumapili, 18 Mei

Masuke yametoka, yananing'inia kama vihereni. Yangu mengi zaidi. Sisemi mimi, macho yanasema.

Jana nilikutana na dereva wa lori la kiwanda, yule mwenye mdomo usiopumzika. Kanipa siri: kiwandani siku hizi wanapima hata protini, na protini inatokana na naitrojeni. Anayechelewesha naitrojeni kidogo mpaka masuke yatoke anapata protini zaidi. Nilimpa mahindi mawili ya kuchoma kwa siri hiyo.

Na mimi nina nusu mfuko! Nani kasema sina akili?

Leo saa sita nikayeyusha yurea kwenye maji, nikaijaza kwenye bomba la kunyunyizia la mgongoni. Dereva alisema kidogo. Nimeweka beleshi zima kila bomba. Jua lilikuwa kali kama pasi, lakini nilivumilia. Nikanyunyiza mpaka mgongo ukalowa.

Mdogo wangu alipita njiani, akasimama. Akaniambia kwa upole, kaka, jua hili litaunguza majani, ungengoja jioni, halafu sijui kama zinahitaji. Nikamwambia ashike lake. Akaendelea kusimama kana kwamba ana neno lingine, kisha akaenda zake.

Wivu huo.


Jumatano, 21 Mei

Ncha za majani zimekuwa rangi ya chai. Zote. Mke wangu kasema zimeungua. Nimemweleza kwamba ndiyo rangi ya protini.


Jumatano, 28 Mei

Saa tisa alasiri ikaja mvua ya upepo. Dakika ishirini, hazizidi. Nilisimama mlangoni roho juu.

Oti za mdogo wangu ziliinama, zikatikisika, zikainuka. Fupi, mashina magumu, zikasimama wima kama askari kwenye gwaride.

Zangu chini.

Zote. Kutoka kisimani mpaka njiani. Zimelaliana shingo kwa shingo, na za mwisho zimevuka njia zikaweka vichwa upande wa mdogo wangu.

Hazikuanguka. Naandika hapa wazi ili watu wa baadaye wasipotoshe: oti zangu hazikuanguka. Zilipumzika. Zimekua haraka, zimechoka, zimejinyoosha. Mtu akijinyoosha kitandani husemi kaanguka.

Wapita njia wamesimama tena leo. Sikufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa ndani.


Alhamisi, 29 Mei

Mpango! Nitaziinua.

Asubuhi nikakata miti, nikachimbia nguzo thelathini. Kamba zangu zikaisha kwenye nguzo ya tisa. Nikachukua kamba ya mbuzi. Ikaisha. Nikachukua kamba ya kuanikia nguo, ile ndefu ya nailoni. Nikafunga oti matita matita kwenye kamba, mashina ishirini kwa tita. Kufikia adhuhuri nilikuwa na matita arobaini na tatu, mgongo umekakamaa, na sehemu niliyoinua inatosha kulaza mtu mmoja mfupi.

Ndipo mke wangu akaja na beseni la nguo mbichi kichwani. Akauliza kamba yake iko wapi. Nikamwonyesha. Akatua beseni, akaanza kuanika hapo hapo, juu ya oti: mashuka, kaptula za pacha, gauni lake zito la kitenge, blanketi! Nikamsihi. Nikamwambia mustakabali wa familia unategemea kamba hii. Akasema na nguo za familia pia.

Blanketi lilipoanikwa, nguzo ya kwanza ilitoa mlio. Kisha ya pili. Zikaanguka zote thelathini, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio kabisa. Mashuka matopeni. Oti chini ya mashuka.

Nimekula chakula baridi leo, nikiwa peke yangu.


Jumatatu, 16 Juni

Shamba la mdogo wangu limeiva. Rangi moja, dhahabu tupu. Keshokutwa anavuna.

Langu lina rangi tatu. Juu kuna mabua makavu yaliyolala, katikati kuna masuke ya manjano, na chini yake vimechomoza vichipukizi vipya, kijani, vimepenya katikati ya wazee vikitafuta jua. Bibi Shamba kaja, kachutama, kafunua kama mtu anayetafuta chawa. Kasema naitrojeni bado ipo nyingi mno udongoni, inazisukuma ziote badala ya kukomaa. Na zile zilizolala hazikupata mwanga wala nguvu ya kujaza punje. Akaniuliza, hivi uliweka mifuko mingapi kweli?

Nikamwambia miwili, kama ulivyoniandikia. Akanitazama usoni. Akasema udongo wangu ni wa ajabu sana, angependa kuuandikia ripoti. Nikasema karibu.

Sijashindwa! Oti za mdogo wangu zimeshazeeka. Zangu bado vijana.


Jumatatu, 23 Juni

Kuvuna oti zilizolala ni kazi ya adhabu. Mundu hauna pa kushika. Unapiga magoti, unainua konzi moja, unakata, unasogea hatua moja. Nimevuna siku mbili peke yangu nikawa nimemaliza eneo la chumba cha kulala.

Leo alfajiri mdogo wangu kaja na mundu wake. Hakuuliza. Kapiga magoti mstari wa pili, kaanza. Nilimwambia sihitaji msaada. Akasema anajua. Akaendelea.

Tulikata kutwa nzima bega kwa bega, kama enzi za Baba. Adhuhuri, tukinywa maji, akaniuliza kwa sauti ya chini: kaka, hakuna kitu unataka kuniambia?

Nilitaka kusema. Nilifungua kabisa mdomo.

Nikamwambia mundu wake hauna makali.


Alhamisi, 26 Juni

Nimepura, nimepepeta. Matokeo: mabua mikokoteni saba! Mdogo wangu kapata minne tu. Kwenye mabua sina mpinzani.

Punje ni habari nyingine. Kwenye kupepeta, upepo ulichukua makapi, halafu ukachukua na punje, maana hazikutofautiana. Nimeazima mizani ya dukani na kopo la lita moja, kwa sababu kiwanda kinapima hivyo: lita moja ya oti lazima ifike gramu mia tano. Nikajaza kopo. Mia nne thelathini na moja. Nikalitikisa. Mia nne na arobaini. Nikashindilia kwa kidole gumba. Mia nne hamsini na tano, kidole kikauma.

Magunia yetu yote yako ghala moja, yangu kushoto, ya mdogo wangu kulia. Wakati amekwenda kisimani nikafungua yake. Nikachota. Ah! Punje nene, zimejaa, ukizishika zinashuka mkononi kwa uzito. Sijui alifanyaje na ile chumvi yake.

Nikatoa ndoo mbili kwake, nikamwaga juu kwenye kila gunia langu, tabaka la upana wa kiganja. Halafu, kwa kuwa mimi si mwizi, nikamrudishia ndoo mbili za kwangu kwenye gunia lake. Kubadilishana si kuiba. Haki bin haki.

Kesho wapimaji wakifungua gunia, wataona nini kwanza? Juu! Binadamu wote huanzia juu.


Ijumaa, 27 Juni

Mpimaji wa kiwanda ni mama mmoja mdogo wa umbo, koti jeupe, hana maneno. Kafika saa tatu. Mama yetu kaletewa kiti, kakaa katikati ya ghala.

Mpimaji hakufungua gunia. Alitoa bambo, lile bomba la chuma lenye ncha, akalichoma ubavuni mwa gunia langu, chini kabisa. Nilimwomba achome juu. Akauliza kwa nini. Nikasema gunia ni jipya, nalionea huruma tumbo lake. Akachoma mara tatu zaidi, chini, katikati na juu, akamwaga kila sampuli peke yake kwenye trei.

Hata kipofu angeona. Trei ya juu punje nene. Trei za chini vijiti.

Akainua macho. Akaniangalia mimi, kisha magunia ya kulia. Akauliza nani kachanganya. Kiwanda kikiandika udanganyifu, ukoo mzima unafutwa kwenye orodha.

Mdogo wangu akasema ni yeye. Eti alimwaga za kwake kwa bahati mbaya, ghala ni dogo, samahani sana. Hakunitazama.

Mpimaji akaandika. Akapima trei za chini tu. Mia nne thelathini na nane kwa lita. Akachukua punje moja, akaimenya ganda kwa kucha, akatuonyesha: ndani uzi. Akasema mashine za kiwanda haziwezi kuponda uzi ukawa bapa. Imekataliwa kwa uji, itafaa chakula cha mifugo.

Ya mdogo wangu, pamoja na ile takataka yangu ndani yake: mia tano ishirini na moja. Imepita.

Lakini subiri! Nilidai apime na protini. Akaingiza kwenye kijimashine chake. Ya kwangu ikamzidi mdogo wangu! Nikapiga kelele ya ushindi. Mpimaji akasema ndiyo, hutokea, punje nyembamba zilizolishwa naitrojeni nyingi huwa na protini. Punda watashukuru.

Nikamwambia naomba hiyo protini iandikwe kwa wino.


Jumamosi, 28 Juni

Leo Mama kahukumu.

Alitukalisha benchi lile lile. Akasema kopo limesema lake, lakini yeye ana swali moja kabla ya kopo. Mifuko miwili ya mdogo wako, uliifanyia nini?

Nikatoa macho. Nikaanza habari ya mgongo. Mama akainua mkono. Akasema majirani walipokuja kumpa mwanawe pole ya jino, alimfungua mdomo akahesabu meno mwenyewe.

Nikamgeukia mdogo wangu, nikamwambia kumbe umenisema! Akasema hakusema. Akasema alijua tangu Aprili, siku ile ile alipoonyeshwa saini yangu stoo, maana hakuna mwingine duniani anayeandika hivyo. Alimweleza Bibi Shamba peke yake, naye akamwazima mifuko miwili kutoka akiba yake ya majaribio. Ile niliyoiita chakula cha kuku. Ile niliyoiita chumvi.

Nikauliza kwa nini alinyamaza miezi yote hiyo. Akasema alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Kila siku alikuwa anasema labda leo.

Nilipata aibu. Naandika hivyo hivyo, aibu, ilinipanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Halafu nikasema kama alijua na akanyamaza, basi tumeshirikiana, na kosa ni letu sote wawili. Hakuna aliyecheka.

Mama akampa mdogo wangu ufunguo wa ghala. Akasema shamba ni lake kulishika, na hata oti zangu zingekuwa nzito kama risasi, ufunguo ungekwenda kule kule. Asiyeweza kumwachia ndugu yake mifuko miwili hawezi kuachiwa shamba.

Nikatoka. Nikaenda upande wa kisimani, nikakaa kwenye mabaki ya mabua. Mahali pale ndipo Baba alinishikisha jembe, mikono yake juu ya yangu. Nililia. Nililia sana, kamasi na kila kitu. Nimeshika upande ule miaka kumi na moja na nimeupoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Hilo naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayelisoma.

Mke wangu akaja, akakaa pembeni. Hakunisimanga. Akasema wifi yake ni mtu, na kwamba kesho niende nikamwombe radhi kabla jua halijawa kali. Nikasema nitaenda.


Jumapili, 29 Juni

Nilienda. Nikamwambia mundu wake una makali ya kutosha. Akasema asante, kaka. Nadhani alielewa.


Jumatano, 9 Julai

Nimepanda cheo!

Bibi Shamba kaja na mdogo wangu. Msimu ujao wanaanzisha shamba darasa kwenye upande wa kisimani, wakulima kutoka pande zote watakuja kujifunza. Vipande vitatu. Cha kwanza hakitawekwa yurea kabisa. Cha pili kitawekwa kwa kipimo, kwa awamu mbili, kwa kufuata udongo na kadi ya rangi. Hicho atakisimamia mdogo wangu.

Cha tatu, hatua thelathini kwa thelathini, wamenipa mimi! Mdogo wangu ndiye aliyenipendekeza, kwa mdomo wake mwenyewe. Alisema mahali pale Baba alinifundisha kazi na hataki nipakose. Ilibidi nijifanye nakohoa.

Bibi Shamba kafafanua kwamba kipande cha tatu ni cha kuonyesha naitrojeni ikizidi inakuwaje. Wakulima waone oti zinavyorefuka na kulala, washike punje, wapime wenyewe. Kasema anahitaji mtu atakayeizidisha bila kusita, na katika wakulima wote anaowajua, jina langu lilikuja la kwanza.

La kwanza! Nimeuliza kama jina hilo litaandikwa kwenye kibao. Kasema nikitaka. Nimesema nataka, na herufi zizidi za vipande vingine.

Wao wanadhani zitalala. Wacha wadhani. Nimekaa nikachambua msimu uliopita kitaalamu, na kosa nimeliona. Zililala kwa sababu zilikuwa na nguvu nyingi juu na nguvu kidogo chini. Maana yake mbolea haikufika chini. Maana yake haikutosha. Wakulima mia watasimama pale kuangalia oti zikilala, na zangu zitasimama wima, na Mama atakuwa kiti cha mbele.

Bibi Shamba kaniandikia kipimo cha kuzidisha: ndoo tatu kwa kipande kizima. Nimemuuliza mara mbili. Kasema tatu, zinatosha kabisa kuharibu.

Tatu! Mimi niliyeteuliwa kuzidisha, napewa tatu! Hata kwenye kuzidisha ananipunja. Nitaweka saba.